Mwaka wa Kisanduku Kizito

Siku ya kuondoa matanga ya Papa Furaha, pale Muyinga, mwanamume mmoja aliyekaa benchi la nyuma yangu alimwambia jirani yake, kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona: "Si ndiye yule Mkongomani aliyekuwa anauza mawe ndani ya vyombo vya kompyuta?" Jirani yake akacheka puani. Mbele yetu picha ya marehemu ilikuwa imeegemezwa kwenye kiti cha plastiki, na kanga ya mjane ilikuwa bado imefungwa kiunoni kama ilivyofungwa siku ya maziko. Damu ilinipanda. Nilitaka kugeuka nimkamate huyo bwana kwenye kola, nimuulize kama alikuja kuomboleza au kula wali. Sikugeuka, kwa sababu moja tu. Mtu wa kwanza kuyasema maneno yale katika soko la Muyinga, tena kwa kupiga kelele, nilikuwa mimi. Mdogo wangu Dezire, aliyekaa kando yangu, aliyasikia pia. Aliweka mkono juu ya goti langu kama mtu anayefunika sufuria inayotaka kumwagika.

Mwaka nilioyasema ni ule wa kwanza baada ya kurudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Tulirudi watatu: mimi, Dezire, na mdogo wetu Janini aliyekuwa bado analala na kidole mdomoni. Wazazi walibaki kwenye makaburi ya kule. Shamba letu la Makebuko tulikuta lina wenyewe wengine, na leo sitaki kulisema. Tulipanga chumba kimoja Gitega, mtaa wa Magarama, chumba chenye dirisha moja na ukuta mwembamba kiasi kwamba mama mwenye nyumba, Mama Odeta, akipiga chafya sisi tulimwambia pole. Upande mmoja kitanda changu na Janini, upande mwingine godoro la Dezire, katikati magunia yangu ya maharage, na juu ya magunia, ubao. Juu ya ubao ule ndipo kompyuta ilipozaliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Shule niliiacha darasa la tano, wiki ileile mwiko wa nyumbani ulipoingia mkononi mwangu, na tangu hapo haukutoka.

Watu wanapoeleza habari za amani husema juu ya bunduki zilizonyamaza. Hawasemi kwamba bunduki zikinyamaza ndipo unapoanza kusikia majirani. Kila jioni, tukiwa tunakula ugali wa muhogo na ndagala, yaani dagaa, tulimsikia Mama Odeta ng'ambo ya ukuta akiwahubiria wageni wake. "Hawa abahungutse ni watu wa ajabu," alisema, akitumia jina walilotupa sisi tuliorudi. "Shamba hawana, ng'ombe hawana, wana inyabwonko!" Hivyo ndivyo kompyuta inavyoitwa kwa Kirundi, kitu chenye ubongo. Mgeni akauliza ni ya kazi gani. "Ya kazi? Ya kucheza mpira, mama! Mtu mzima anacheza mpira akiwa amekaa!" Wakacheka mpaka wakakohoa. Janini alitaka kucheka nao, nikamtazama, akarudi kwenye ndagala zake. Walijua nini wao?

Hawakujua kwamba Dezire, mwenye miaka kumi na saba, aliyekuwa wa pili darasani kule kambini, alipofika hapa aliketishwa na watoto wa miaka kumi na mmoja kwa sababu hakujua Kifaransa. Hesabu alizijua kuliko mwalimu, lakini hakujua jinsi ya kuzisema. Alivumilia miezi miwili, magoti yakigonga dawati, kisha akarudi siku moja mchana, akavua sare, akaikunja vizuri, akaniambia, "Dada, mimi narudi Tanzania. Huko najulikana." Vijana watatu wa rika lake walikuwa wamekwisha kwenda. Mmoja hajasikika tena mpaka leo. Nikamwambia hapana, akaniuliza kama nitamfunga kwa kamba. Ndipo tukafanya patano. Alikuwa na wazo la kujijengea kompyuta ya michezo kwa vipande vilivyotupwa, kwa kuwa aliwahi kumsaidia fundi kambini. Nikasema: kaa hapa, jenga, na kipande cha mwisho kitakachokosekana nitakinunua mimi. Siku itakapowaka, vijana wa mtaa watakuja kucheza kwako, utakuwa na jina. Isipowaka, sitakuzuia njiani.

Basi akajenga. Ganda la bati alilipata kwa mtu aliyekuwa akihamisha ofisi. Bodi kubwa ya ndani alipewa kwa kutengeneza redio tatu. Kadi ya picha, ile inayofanya wachezaji waonekane hata jasho, aliibadilisha na baiskeli yake, na baiskeli ndiyo mali pekee aliyorudi nayo kutoka Tanzania. Alinieleza kila kitu nikiwa nachambua maharage, na nilielewa zaidi ya alivyodhani. Kilichokosekana ni pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vyombo vya ndani. Kile kilichokuja na ganda kilikuwa kidogo, hakingeiweza kadi. "Ni kama wewe na mwiko, Dada," aliniambia. "Kila mmoja anataka chake kwa wakati wake. Mwenye mwiko akiwa dhaifu, mmoja analala njaa. Akiwa mwongo, wote wanaungua." Nilicheka. Nilidhani ametia chumvi.

Kazi yangu ilikuwa kununua maharage Muyinga na kuyauza Gitega, na katika kazi ile nilikuwa na jina. Mkono wangu ulikuwa mizani. Nilinyanyua debe nikakwambia kilo zake, ukapeleka kwenye mizani ya chuma ukakuta nimekosea kwa kiganja kimoja. Wakulima walinitania kwamba nimemeza jiwe la kupimia. Na nilikuwa na sheria ambayo sikuivunja kwa mtu yeyote, hata kwa mchungaji: sinunui gunia bila kulimwaga. Wauzaji huweka mawe chini, kila mtu anajua. Unaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, halafu unamwaga. Anayekasirika, muache na gunia lake. Sheria hii naieleza kwa urefu ili ijulikane ni upumbavu wa namna gani nilioufanya.

Tulikwenda Muyinga pamoja, mimi na Dezire, siku ya soko. Papa Furaha alikuwa na meza ya redio, chaja, nyaya na vyombo vya umeme, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, mwenye tumbo dogo na shati lililopigwa pasi daima. Binti yake Furaha, wa miaka minane hivi, alitupatia chai ya tangawizi kwenye vikombe vya bati. "Karibu, mama ya maharage!" akasema Papa Furaha. "Leo unatafuta redio?" Nilipomwambia tunachotafuta akapiga makofi, akajibu kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa. "Ah, alimantasyo! Donk, kuko aina mbili. Hii iko mupya, ya mu kartoni. Na hii ilishatumika, ilitoka mu mashini ya ofisi." Ile mpya ilikuwa nyeusi, inang'aa, imeandikwa wati mia sita kwa rangi nyekundu. Ile kuukuu ilikuwa ya kijivu, ina vumbi kwenye feni, imeandikwa mia tatu na hamsini. Dezire alichukua zote mbili, akasoma maandishi madogo ya ubavuni kama msomaji wa Injili, midomo ikitembea.

"Dada," akasema, "tuchukue hii kuukuu."

"Mia sita na mia tatu na hamsini, kubwa ni ipi?"

"Kubwa ya kuandikwa au ya kweli? Angalia hapa kwenye hii nyeusi. Kwenye laini ya volti kumi na mbili, ndiko kadi inakokula, wameandika ampea kumi na nne. Zidisha. Haifiki hata mia mbili. Hizo nyingine zinatoka wapi?"

Nikachukua kile cheusi mkono wa kulia, cha kijivu mkono wa kushoto. Cheusi kilikuwa kizito. Kilikuwa kizito kwelikweli, uzito mzuri, uliotulia, kama debe lililojaa mpaka ukingoni. "Chuma halisi kina uzito," nikasema. "Hiki cha kijivu ni chepesi. Kimeliwa ndani."

"Dada, uzito hauendeshi kadi. Zidisha mwenyewe."

Muuza viatu wa meza ya pili, aliyekuwa anatusikiliza tangu mwanzo, akapiga paja lake. "Leo mtoto anamfundisha mama yake kupika!" Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kilekile cha ng'ambo ya ukuta. Uso ulinichoma. "Nimekulea kwa mikono hii," nikamwambia Dezire, "usinijibu mbele za watu." Papa Furaha akakuna kichwa. "Me, mi siko fundi," akasema, "mi nauza kartoni. Mutoto anaweza kuwa na haki. Kitu kimoja tu nakuambia: ile karatasi ya muhuri, ukiikata, kule mi ninatoa bidhaa hawachukue tena." Mimi, niliyewamwagia wazee magunia yao barabarani, niliambiwa nisifungue, nikakubali. Nilifunga kisanduku ndani ya kitenge changu nikakibeba mpaka Gitega mapajani kama mtoto mchanga, na njia nzima kupita Karuzi Dezire alitazama dirishani.

Kompyuta tuliiwasha Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimepika ndizi na maharage kwa mafuta ya mawese, chungu kikubwa, kwa sababu nilijua watakuja. Walikuja vijana tisa, wakakaa juu ya kitanda, juu ya magunia, mmoja juu ya ndoo. Mama Odeta mwenyewe alisimama mlangoni, mikono kifuani, akisema amepita tu. Dezire akabonyeza. Feni ikazunguka, taa ya buluu ikawaka, na uwanja wa mpira ukatokea, majani mabichi kiasi kwamba Janini aligusa kioo. Sijawahi kuona uso wa ndugu yangu ulivyokuwa saa ile. Walicheza muda wa chungu kupoa. Mmoja akapiga kona, wote wakainuka, na kabla mpira haujafika kichwani kwa mtu, paa! Mlio kama mbegu ya mahindi motoni, lakini mbegu moja kubwa. Moshi wa kijivu, harufu ya nywele zilizoungua. Giza kwenye kioo. Umeme wa mtaani ulikuwapo. Redio ya Mama Odeta iliendelea kuimba. Yeye akasema, "Nilisema mimi," akaenda zake. Hakuwa amesema lolote.

Dezire hakulia. Alisubiri kisanduku kipoe, akachukua bisibisi, akatoa skrubu nne, akakata ile karatasi ya muhuri. Ndani, nusu ilikuwa tupu. Nyaya chache nyembamba, kipande cha bodi kisichozidi kiganja, na chini yake, limemwagwa vizuri na kusawazishwa kwa kitu bapa, tofali la saruji. Saruji! Alilichomoa, akaliweka juu ya ubao mbele yangu, akaanza kupima vyombo vyake kimoja kimoja. Bodi kubwa ilipona. Kadi ya picha ilikuwa imekufa, na baiskeli imekufa pamoja nayo. Kisha akachukua begi lake, akaweka ndani nguo na sare ya shule iliyokunjwa. "Kesho unakwenda Muyinga kwa maharage," akasema. "Nitapanda gari hiyohiyo. Kutoka Muyinga mpaka mpakani najua njia." Patano lilikuwa patano. Ndizi tulizila zimepoa.

Nilifika mbele ya meza ya Papa Furaha na tofali lile mkononi, Dezire nyuma yangu na begi begani. Sikumsalimu. Nililipiga mezani mpaka betri zikaruka. "Mwizi!" nilipaza sauti. "Wewe Mkongomani, unauza mawe! Unawauzia yatima saruji!" Soko lilijaa pale kwa dakika moja, kama linavyojaa palipo na kelele. Muuza viatu akasema amewahi kushuku. Mwingine akasema hawa ndivyo walivyo. Na mmoja, simjui, akapiga kelele, "Warudishwe kwao!" Nililisikia neno lile nikalitambua, kama mtu anavyotambua sahani yake kwa jirani. Miaka yote ya kambi tuliambiwa neno hilo na watoto wa vijiji vya jirani. Miezi ile ya Gitega tuliambiwa kinyume chake, kwamba turudi tulikotoka. Na mimi niliyeambiwa pande zote mbili nilisimama pale, neno hilohilo likitupiwa mtu mwingine kwa kelele zangu, nikafunga mdomo. Nina hasira na watu wengi wa mwaka ule. Kwa dakika ile nina hasira na mimi mwenyewe.

Papa Furaha hakupiga kelele. Alilichukua tofali, akalinusa. "Yaya," akaniambia, akitumia neno ambalo kwao humaanisha dada mkubwa, "mi nilikimbia vita na watoto wane, nikuje hapa kuweka simenti mu alimantasyo? Ngoja." Akainama chini ya meza, akatoa vingine vitatu vyeusi, vipya, muhuri haujaguswa, mali yake yote ya msimu ule. Akamwita Furaha alete bisibisi. Akakata muhuri wa kwanza mbele ya watu wote. Saruji. Akakata wa pili. Saruji. Kisanduku cha tatu kilikuwa na kipande cha nondo kilichofungwa kwa waya. Kila alipokata, watu walipunguza kelele, mpaka wa tatu ukafunguka kimya. Akaketi chini, shati lake lililopigwa pasi likagusa matope. "Batu walinimaliza," akasema, si kwa mtu yeyote.

Ng'ambo ya barabara, kijana wa gari alikuwa anaita, "Mpakani! Mpakani! Wawili tu!" Nikamwona Dezire anageuza begi begani. Kwetu mkubwa haombi radhi kwa mdogo, sembuse mbele za watu. Akikosa, humwekea mdogo kipande cha nyama kwenye sahani, na mdogo anaelewa. Sikuwa na sahani. "Mnisikie," nikasema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Huyu ndugu yangu aliniambia. Hapahapa, mbele ya meza hii. Alisoma yaliyoandikwa akaniambia wati hazifiki. Nilimnyamazisha kwa sababu alisema nizidishe, na mimi kuzidisha namba kubwa sijui, na sikutaka mjue." Nikamgeukia. "Dezire, ulikuwa na haki. Mimi ndiye niliyeiunguza kadi yako." Muuza viatu alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

Gari la mpakani lilijaa likaondoka. Dezire alikuwa bado amesimama palepale. Kisha akaweka begi juu ya meza, kati ya redio, akamwambia Papa Furaha, "Ile ya kijivu bado iko?" Ilikuwapo. Akaifungua pale chini, karibu na mzee, akamwonyesha kwa kidole: hapa bati nene la kupoza joto, hapa koili, hapa nyaya za unene unaostahili. "Ona, Papa. Uzito wake ni wa vitu." Papa Furaha akaiweka ndani ya begi la Dezire, juu ya sare ya shule, akakataa kusikia habari ya malipo. Tulirudi nayo Gitega. Bila kadi ya picha, kompyuta ile mwaka mzima ilicheza michezo ya zamani yenye watu wa vipande vipande, na vijana walikuja hivyohivyo. Baadaye walikuja na vyombo vyao vilivyoharibika. Dezire hakurudi tena darasani, na hakuvuka mpaka. Leo ana duka la ufundi Gitega, na kisanduku kile cha kijivu bado kinafanya kazi kwenye meza yake ya kujaribia.

Lakini soko halikumbuki mwisho wa kisa, linakumbuka kelele. Katika matanga, mchungaji alipouliza kama yupo mwenye neno juu ya marehemu, nilisimama. Nikasema jiwe lile nililileta mimi Muyinga, na kwamba mtu huyu alijifilisi kwa mkono wake mbele ya umati ili ukweli uonekane, na anayetaka kunong'ona anong'one hilo. Sikumtazama bwana wa benchi la nyuma. Sikuhitaji, nilisikia benchi likilia. Baada ya chakula Furaha, sasa mama wa watoto wawili, alinijia na kitu ndani ya kitambaa. Nilikijua kabla hajafungua: lile tofali la saruji. Baba yake aliliweka mezani miaka yote ile, akimwambia kila mnunuzi: shika hii kwanza, halafu tufungue pamoja. Nikalinyanyua kwa mkono wa kulia. Kilo moja kasoro kidogo. Mkono wangu haukukosea hata siku ile. Ulipima saruji sawasawa. Na mahali fulani, sijui nchi gani, kuna mtu aliyeikoroga, akaimwaga, akaisawazisha, akangoja ikauke, akabandika muhuri, akijua kabisa kwamba mwisho wa safari yupo mtu asiyejua kuzidisha, atakayepima kwa mkono. Alinifikiria mimi. Hajawahi kuniona, na alinifikiria.

Tulipokuwa tunapanda gari la Gitega, Dezire aliona nimelipakata kwenye kitenge. "Dada, jiwe hilo unalipeleka wapi?"

"Nyumbani."

"La nini sasa, miaka yote hii?"

"Sogea nikae," nikamwambia. "Bado sijamaliza kukasirika."